Jina la Simu na Kasoro Zake

Fundi yeyote aliyewahi kupiga flash simu za bei nafuu zenye chipu za MediaTek anaujua ujumbe huu. Simu inawaka vizuri, kioo kinang'aa, kila kitu kinafunguka. Unawasha wi-fi, na juu ya orodha, mahali ambapo ungetegemea kuona mtandao wa jirani, kunatokea mtandao usiokuwepo popote: NVRAM WARNING: Err = 0x10. Unabonyeza *#06# na zile tarakimu 15 za IMEI hazipo. Laini iko ndani, mnara unauona kwa macho yako, ila simu haipigi wala haipigiwi. Fundi mmoja wa Kisarawe mjini, ambaye nitamrudia, anasema simu ya namna hiyo "imesahau jina lake".

Kasema kweli, ila nusu. Ndani ya kila kifaa chenye redio, iwe simu, kidude cha kufuatilia pikipiki, au dira ya maji inayotuma usomaji wake yenyewe, kuna sehemu ndogo ya memori isiyotakiwa kufutika hata chaji ikiisha. Humo, kiwandani, huandikwa vitu viwili. Cha kwanza ni utambulisho: namba inayokitofautisha kifaa hiki na vingine vyote. Cha pili wanakijua wachache. Ni jedwali la kasoro za kifaa hicho kimoja, data ambazo mafundi huziita kalibresheni. Kwenye simu nilizozitaja, vitu hivi hukaa kwenye folda mbili majirani kabisa, moja ya IMEI, nyingine imeandikwa CALIBRAT. Flash mbaya ikipita inaondoka na vyote. Kupotea kwa jina tunakuona mara moja, maana simu inagoma. Kupotea kwa lile jedwali hatukuoni.

Swali langu ni hili. Mtu anayebadilisha jina la kifaa, na mtu anayebadilisha jedwali la kasoro zake, kila mmoja anamkosea nani? Sheria imeshughulika sana na huyo wa kwanza. Nadhani wa pili ndiye anayetakiwa kutunyima usingizi.

Nianze na kasoro, kwa kuwa ndizo zisizozungumzwa. Hakuna redio mbili zinazotoka kiwandani zikiwa sawa. Zinaweza kutoka siku moja, meza moja, kwa vipuri vya katoni moja, na bado kila moja ikawa na lake. Ndani ya kila redio kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetema na kuipa simu mapigo yake. Kwatzi ya bei rahisi inaweza kukosea kwa sehemu 10 katika milioni. Yanaonekana makosa madogo. Lakini kwenye masafa ya megahezi 900 hiyo ni kukosea kwa hezi 9,000, wakati kanuni za GSM zinataka simu isipishane na mnara kwa zaidi ya sehemu 0.1 katika milioni, yaani hezi 90 tu. Ampilifaya nayo ni hivyo hivyo: ukiiambia itoe wati 2, hii itatoa pungufu kidogo, ile itazidisha. Joto likipanda zinabadilika tena.

Kwa hiyo, kabla simu haijaingia kwenye boksi lake, redio yake huunganishwa na mashine ya kupimia mahali palipokingwa mawimbi ya nje. Inaambiwa: toa nguvu kiasi hiki. Inatoa. Mashine inapima ilichotoa kweli, na tofauti inaandikwa kwenye memori. Ukitaka kutoa hiki, lenga kile. Ukisikia mawimbi ya kiasi hiki, jua kwamba sikio lako linapunguza, ongeza. Kazi hiyo inarudiwa bendi moja baada ya nyingine.

Naomba msomaji utulie hapo kidogo. Kiwanda hakikuitibu redio. Kwatzi ni ile ile, ampilifaya ni ile ile. Kilichofanyika ni kuiambia redio ukweli kuhusu yenyewe na kuiandikia ili isisahau. Simu tunayoiita nzuri ina kasoro kama nyingine. Tofauti ni kwamba zake zimepimwa, zimeandikwa, na inatembea nazo. (Nina rafiki zangu kadhaa ambao wangefaidika sana na mashine hiyo. Nao bila shaka wana rafiki yao.)

Jina ni habari nyingine. Katika tarakimu 15 za IMEI, 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni namba ya simu hiyo ndani ya aina yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki, inayopatikana kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, katika miaka ya 1950. Hakuna hata tarakimu moja inayotokana na kilichomo ndani ya simu. Simu ya meza hii ingeweza kabisa kupewa namba ya mwenzake wa meza ile na hakuna ambaye angejua. Jina linatoka nje, kama majina yetu. Babu alipokupa jina hakukupima.

Na ile tarakimu ya kuhakiki haihakiki unachodhani. Inaonyesha tu kwamba namba imeandikwa bila kukosea. Ukiwa na peni na karatasi unaweza kutunga IMEI inayopita mtihani wa Luhn wakati unasubiri chai ipoe. Namba inaweza kuwa safi kwa umbo na uongo kwa maana.

Pamoja na hayo, ni jina ndilo tulilolilinda kwa nguvu zote. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rajisi ya namba za vifaa vya mawasiliano, na kubadili namba ya utambulisho wa simu ni kosa la jinai. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazima simu bandia nchi nzima. Kenya walikuwa wametutangulia mwaka 2012. Wiki zile kabla ya kuzimwa, hapa Kibaha pale Maili Moja, watu walisomeana tarakimu zao za *#06# na kuzituma kwenda 15090 kwa hofu kama ya kusubiri matokeo ya kidato cha nne. Kuna waliojibiwa kwamba simu yao ni halali wakashusha pumzi. Kuna waliogundua kwamba simu waliyonunua kwa fedha halali, dukani, mchana kweupe, haina jina, au jina lake ni la simu ya aina nyingine kabisa.

Sina ugomvi na lengo. Simu iliyoibwa isipotambulika, mwizi ana soko. Ikitambulika ikazimwa, soko linakufa. Hata hivyo adhabu ya usiku ule ilimwangukia nani? Aliyetengeneza simu bila jina alikuwa mbali. Aliyeiingiza nchini alishauza. Aliyebaki mkononi na kipande cha plastiki ni mnunuzi. India, mwaka 2009, walikuwa na tatizo hilo hilo, na kabla ya kuzima waliruhusu wenye simu zisizo na IMEI kwenda kwenye vituo vilivyoidhinishwa, wakalipia kiasi, simu zikapandikizwa namba halali. Ndiyo kusema dola moja iliona simu isiyo na jina ni mhalifu, nyingine ikaona ni mtoto ambaye hakuandikishwa. Mimi niko upande wa India katika hili. Kitu kisicho na jina hakijamdanganya mtu. Aliyedanganya ni aliyekiuza.

Sasa nirudi Kisarawe. Nilikuwa nimekwenda kufuatilia habari ya maji, ule mradi wa kutoka Kibamba uliozinduliwa mwaka 2020, na simu yangu ikawa haipeleki chaji. Hivyo nikawa nimekaa kwenye benchi la fundi karibu na stendi wakati mama mmoja anaingia. Kapakua mihogo yake, kauza, anataka kurudi Maneromango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii simu mjini hapa inashika. Nikifika nyumbani inakata. Zamani haikuwa hivyo."

Fundi akauliza kama imewahi kutengenezwa. Imewahi: ilizima, mtoto wake akaipeleka kwa fundi Dar, ikarudi inafanya kazi. Kijana akatoa mfuniko, akatoa betri, akasoma stika iliyo chini yake. Akarudisha betri, akawasha, akabonyeza *#06#. Akanigeuzia nione na mimi. Namba ya kwenye stika na namba ya kwenye kioo zilifanana tarakimu 8 za mwanzo. Baada ya hapo kila moja ilikwenda njia yake.

"Mama, simu hii ina jina la simu nyingine."

"Jina gani tena? Mi nimesajili kwa kidole."

Jibu hilo nimelifikiria sana. Alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2019 alipanga foleni, akaweka kidole, namba yake ya NIDA ikafungwa na laini, kabla ya zile laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020. Kwa upande wake, jina lake na dola limeshakamilika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya mkoba wake kuna jina jingine, la chombo, na kwamba hilo nalo linaweza kumwingiza matatani.

Kilichotokea, kwa maelezo ya fundi, ni jambo la kila siku. Yule fundi wa kwanza alipiga flash, NVRAM ikafutika. Hakuwa na nakala. Akachukua faili zima la NVRAM kutoka simu nyingine ya aina hiyo hiyo, akalimimina humu. Simu ikaamka ikajiita kwa jina la mwenzake, ikaonyesha mtandao, mteja akalipa. Yaani mahali fulani nchini kuna simu nyingine inayotembea na jina hilo hilo. Somo wake. Siku huyo somo akiibwa na mwenyewe akatoa taarifa akataka simu izimwe, ya mama wa Maneromango nayo itazima. Ikitumika kwenye uhalifu, namba itakayotafutwa inalala kwenye mkoba wa mihogo.

Hapo kosa la jina liko wazi na sheria inaliona. Lakini mama hakuja kulalamikia jina. Amekuja kulalamika kwamba simu inakata. Na inakata, fundi anavyoamini, kwa sababu lile faili halikubeba jina peke yake. Lilibeba na jedwali la kasoro za simu nyingine. Redio ya mama imeambiwa "sikio lako linapunguza kiasi hiki" wakati sikio lake linapunguza kiasi kingine. Inajirekebisha kwa makosa ambayo siyo yake. Kisarawe mjini, mnara ukiwa karibu, upungufu unafichika, kwa kuwa karibu na mnara hata redio mbovu inasikika. Maneromango, mahali ambapo mawimbi yanafika yamechoka, kila kipande cha usahihi kinahesabika.

Fundi yule wa kwanza, basi, alitenda mambo mawili, na nadhani la pili ndilo baya zaidi kwa yule mama. Jina alilopewa linaweza kumdhuru siku moja, kama mambo fulani yatatokea. Jedwali alilopewa linamdhuru kila jioni, na hana wa kumlaumu, maana alichorudishiwa kinaonekana kimepona.

Fikiria dira ya maji yenye redio. Ndani yake kuna vitu vile vile viwili, jina na marekebisho ya kipimo. Majina ya dira mbili yakibadilishana, jirani ataletewa bili yangu nami ya kwake, na kabla mwezi haujaisha kelele zitasikika mpaka kwa mjumbe. Marekebisho yakikosewa, tuseme dira inazidisha kwa asilimia 5, hakuna atakayepiga kelele. Nitalipa mwezi baada ya mwezi, nikimgombeza msichana wa kazi kwamba anamwaga maji. Uongo wa jina hujitangaza, kwa sababu majina ni kati ya watu na watu hulinganisha. Uongo wa kipimo unakaa kimya ndani ya nyumba.

Nchi yetu imewahi kuliishi swali hili kwa binadamu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma: 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwemo watumishi wa afya, na mapengo yao yalionekana kwenye zahanati. Mitandaoni tulibishana wiki nzima, na nakumbuka tulibishana vibaya. Upande mmoja: mwizi ni mwizi, jina si lako. Upande wa pili: huyu nesi amezalisha wanawake kwa miaka 20, mikono yake inajua, karatasi ya kidato cha nne ina kazi gani?

Kwa lugha ya simu, mtu huyo alikuwa na jina la kuazima na kalibresheni yake mwenyewe, iliyopatikana kwa miaka ya kukosea na kusahihishwa. Mwanangu akizaliwa usiku, nani nimtake kitandani? Najua nitakayemtaka. Wala hilo halifuti deni. Kuna mtu ambaye nafasi ile ilikuwa yake, aliyefaulu kweli, akaambiwa nafasi zimejaa. Huyo ndiye aliyekosewa na jina la uongo, na hawezi kulipwa kwa ustadi wa mikono ya mwingine. Wanaosema ujuzi unasafisha cheti wanamsahau huyu kwa urahisi mno.

Kinachonisumbua kwenye zoezi lile ni kingine. Dola ilikuwa na kifaa kimoja tu cha kupimia, nacho ni cha kulinganisha majina: cheti hiki kipo Baraza la Mitihani, hakipo. Aliyekuwa na cheti chake halali na mikono isiyojua kitu alipita bila kuulizwa. Hakuna aliyemweka ndani ya chumba kilichokingwa akamwambia: toa kiasi hiki, tuone unatoa ngapi. Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilikubali wale walioondolewa warudishiwe michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii. Niliuona uamuzi huo kuwa wa haki, kwani ulikubali kwamba jina lilikuwa la uongo na jasho lilikuwa la kweli, na kwamba moja halimezi lingine.

Wapo wanaopima lakini, na hawako mbali. Ukitoka Kibaha mjini kwa barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi unapita Misugusugu, ambako Wakala wa Vipimo una kituo chake. Hapo hupimwa matenki ya magari ya mafuta, na dira za maji pia. Mtu anayepita kwa basi anaona malori tu. Ndani, tenki linajazwa kwa kiasi kinachojulikana, kimo kinasomwa, kinaandikwa, mpaka tenki linapata chati yake. Matenki mawili ya fundi mmoja, yenye umbo moja na yanayosemwa kuwa na ujazo mmoja, hayajai sawa. Bati limebonyea hapa, limevimba pale. Anayenunua mafuta kwa chati ya lori jingine anaibiwa au anaiba, hata kama namba ya gari ni halali na stika zote zipo.

Napenda kazi ile kwa sababu haidai ukamilifu. Hata mizani ya sokoni inaruhusiwa kukosea kidogo, mradi kosa liko ndani ya kiwango na limejulikana. Ni adabu ngeni kwa wengi wetu tuliosoma shule ambako kosa lilikuwa kitu cha kufutwa kwa ufutio haraka kabla mwalimu hajafika.

Kuna watakaoniambia dawa ni rahisi: funga memori, isiguswe na mtu. Na kweli teknolojia inakwenda huko. Chipu za ESP32, ambazo wanafunzi wetu wengi wa uhandisi wanazitumia kwenye miradi yao, hazitegemei faili kwa jina lao, limechomwa. Ndani mna vifyuzi vidogo mno, na kila kimoja kikishaungua hakirudi. Humo humo kwenye vifyuzi huwekwa pia marekebisho ya baadhi ya vipimo vyake. Jina na kasoro, vyote kwenye makovu.

Lakini kuchoma jina si sawa na kulitumia vyema. Tangu Android 10, mwaka 2019, simu nyingi zikiunganishwa na wi-fi hutoa jina la kubuni kwa kila mtandao, ili wenye mitandao wasiweze kukufuatilia kutoka duka hadi duka. Simu yako inadanganya jina lake, kwa idhini yako, na sioni dhambi yoyote. Mwenye mgahawa hadai kunijua; nimenunua soda, si undugu. Na mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, kila mwenye mita ya LUKU aliingiza mfululizo wa tarakimu uliobadilisha funguo ndani ya memori ya mita yake. Kisarawe, Kibaha, nchi nzima, tulibadilisha memori kwa vidole vyetu, kwa utaratibu uliotangazwa. Mwenye mita alijua, TANESCO walijua, na hakuna wa tatu aliyeumia.

Hivyo kosa haliko kwenye kuandika upya. Jina ni deni, na deni lina mwenyewe. Wi-fi ya mgahawa haina deni nami. Mtu aliyeibiwa simu analo, na ndiyo maana anayemwandikia mwizi namba mpya anamwibia mara ya pili. Mwenye deni anaweza kusamehe. Kipimo hakina mtu mmoja wa kusamehe, kwa kuwa anadaiwa na kila atakayekitegemea kifaa hicho, hata asiyezaliwa. Fundi wa kwanza angeweza kumwambia mama, "Imekubali, ila redio siyo sawa kama zamani." Maneno saba. Yangempa mama nafasi ya kuchagua kutumia fedha yake ya mihogo kwa namna nyingine.

Nilimuuliza fundi wa Kisarawe kama yeye anaogopa sheria. "Kaka, mi sibadilishi. Narudisha," alisema. Ana daftari. Simu inayokuja bila stika, bila boksi, na mwenye haraka, haigusi; siku ile ile nilimwona akimrudishia kijana mmoja simu nzuri sana huku akisema mashine imeharibika, na mashine ilikuwa inawaka mezani. Mwenye simu yake halali anaandikwa jina, namba ya kwenye stika, na tarehe. Kama daftari lingemwokoa mbele ya hakimu sijui, lakini ni mtu anayejua tofauti kati ya kumrudishia mtu jina na kumtungia.

Ya mama aliirudishia jina lake kutoka kwenye stika. Nikauliza, na lile jedwali jingine? Akatikisa kichwa. Jedwali liliandikwa mara moja, kiwandani, kwa redio hii moja. Halikuchapwa kwenye stika wala kwenye boksi, na nakala pekee ndiyo ile iliyofutwa Dar. Alichoweza ni kuondoa la kuazima na kuiacha simu itumie makadirio ya jumla ya aina hiyo ya simu, ambayo si ya redio yoyote hasa.

Akamweleza mama hivyo hivyo, polepole, bila maneno ya kompyuta. Simu sasa ni yako kwa jina. Mtandao utakuwa afadhali kidogo, hautakuwa kama zamani, na hilo halitengenezeki. Mama akauliza shilingi ngapi. Elfu tano. Akatoa elfu tatu, zilizobaki ataleta akija na mihogo. Fundi akaandika kwenye daftari, kisha akamuuliza nyumbani kwake ni upande gani, bondeni au juu, akamwambia jioni akitaka kuongea na watoto apande pale kwenye mwinuko wa shule.